Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Mirathi Inapocheleweshwa



Majuma machache yaliyopita, darsa ya kina mama ilipomalizika na watu kuanza kutawanyika, alitujia mama mmoja akiwa na mkoba wa kitambaa mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi zote alizoachiwa na mumewe: nakala ya kitambulisho, stakabadhi za kodi ya kiwanja, kijitabu cha akiba, na risiti za maji za miaka mingi. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki miaka mitatu sasa. Swali lake lilikuwa fupi. Alituuliza: "Nyumba ninayokaa ni yangu, ni ya wanangu, au ni ya mashemeji zangu?"

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja. Tulikaa naye, tukazipanga karatasi zile, tukahesabu, na mwisho akaturuhusu kukiandika kisa chake ili kiwafae wengine. Hesabu na hali tumezibadilisha asije akatambulika. Lakini tunaamini kwamba wengi wenu mtakitambua kisa chenyewe, kwa kuwa nyumba za namna hii katika mwambao wetu ni nyingi, na wanaonyamaza ndani yake ni wengi zaidi.

Kisa chenyewe

Marehemu aliacha mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Babake alikuwa amekwisha fariki zamani. Alikuwa pia na ndugu wa kiume wawili na dada mmoja. Mali yake ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati. Familia ikikaa katika vyumba viwili, na vyumba vinne vikapangishwa kwa shilingi 4,000 kila kimoja kwa mwezi. Zaidi ya hapo alikuwa na akiba ya shilingi 600,000 katika chama cha akiba na mikopo, ambamo hakuandika jina la mtu wa kuipokea.

Baada ya hitima, wazee walikaa kikao. Mmoja akasema kwamba udongo wa kaburi haujakauka, na si vizuri watu kuanza kuulizana juu ya mali. Wengine wakaafiki. Ikaamuliwa nyumba ibaki kama ilivyo, na mdogo wa marehemu akusanye kodi na kumletea shemeji yake matumizi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Mjane alikuwa ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, akasikia uamuzi akiwa chumbani, akaridhika.

Mwaka wa pili bibi naye akafariki. Mwaka wa tatu shemeji mmoja akapatwa na haja ya fedha, akaja na neno jipya: anataka haki ya mama yake iliyomo ndani ya nyumba. Mjane alilia. Alidhani ni tamaa na uonevu. Nasi tuliona uzito wa kumweleza kwamba shemeji yake, kwa jambo hili, alikuwa anadai kitu ambacho sharia imempa.

Hapa ndipo lilipo neno tunalotaka kulisema juma hili. Mirathi haingojei watu wamalize kuomboleza. Mtu anapokata roho, haki za warithi wake huingia katika mali ile ile saa ile ile, wawe wamekaa kikao au hawajakaa. Kuchelewesha mgawanyo hakuzuii haki kuhama. Huzuia tu watu kuijua. Na kadiri miaka inavyopita, ndivyo warithi wanavyofariki, warithi wao wanavyoingia, na hesabu iliyokuwa ya watu saba huja kuwa ya watu ishirini.

Hesabu ingekuwaje

Kabla ya mrithi yeyote kupata chochote, mali ya marehemu hupita katika milango mitatu. Wa kwanza ni gharama za maziko. Wa pili ni madeni yake yote. Wa tatu ni wasia, ikiwa aliacha wasia, nao hauzidi theluthi moja ya kilichobaki wala hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Baada ya hapo ndipo mafungu yaliyopangwa katika Suratun-Nisaa yanapofuata.

Tuseme nyumba ilikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 2,900,000. Ukiongeza akiba ya shilingi 600,000, jumla ni shilingi 3,500,000. Gharama za maziko zilikuwa shilingi 30,000. Marehemu alidaiwa shilingi 50,000 dukani. Na kulikuwa na deni la tatu ambalo hakuna mzee aliyelitaja katika kikao kile: mahari. Siku ya nikaha mahari yalitajwa, yakalipwa nusu, na shilingi 60,000 zikabaki juu ya mume. Mahari yasiyolipwa ni deni la mke, naye hulipwa kama mdai mwingine yeyote kabla mirathi haijagawanywa. Hayamo ndani ya fungu lake la urithi, wala kulichukua fungu hilo hakuyafuti. Dada zetu wengi hawalijui hili, na wanaolijua huona haya kulisema mbele ya wakwe.

Tukitoa shilingi 140,000 za gharama na madeni, zinabaki shilingi 3,360,000. Kwa kuwa marehemu ana watoto, mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane: shilingi 420,000. Mama mzazi hupata sudusi, yaani sehemu moja ya sita: shilingi 560,000. Zinazobaki, shilingi 2,380,000, ni za watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Wana wawili na mabinti watatu ni mafungu saba ya shilingi 340,000. Kila mwana basi ana shilingi 680,000, na kila binti shilingi 340,000. Ndugu wa marehemu hawapati kitu, kwa sababu kuna wana wa kiume.

Sasa tazameni kilichotokea bibi alipofariki. Zile shilingi 560,000 alizokuwa amekwisha zirithi kwa mwanawe zikawa mali yake ya kurithiwa, hata kama hakuzitia mkononi hata siku moja. Warithi wake ni watoto wake waliobaki hai: wana wawili na binti mmoja. Wana wakapata shilingi 224,000 kila mmoja, na binti shilingi 112,000. Wajukuu, watoto wa marehemu, hawamrithi bibi yao maadamu wana wake wa kiume wako hai. Hivyo mashemeji na wifi, ambao mwaka wa kwanza hawakuwa na hata tofali moja katika nyumba ile, mwaka wa pili wakawa washirika ndani yake.

Lau mgawanyo ungefanywa katika miezi ya mwanzo, mambo yangekuwa mepesi. Akiba ya shilingi 600,000, baada ya kutoa gharama na madeni, ingebaki shilingi 460,000. Bibi angepewa fedha hizo zote, na shilingi 100,000 zilizosalia angelipwa kwa kodi ya miezi saba hivi ya vyumba vinne, kwa idhini ya Kadhi kwa ajili ya mafungu ya watoto wadogo. Baada ya hapo nyumba ingebaki ya mjane na wanawe peke yao, wala asingeingia mtu. Bibi naye angelikuwa na nafasi ya kutumia haki nyingine: kwa kuwa wajukuu mayatima hawamo katika warithi wake, angeweza kuwausia hadi theluthi moja ya mali yake. Mlango huo sharia imeuacha wazi kwa huruma, lakini bibi hakuupitia, kwani hakuna aliyemwambia kwamba ana mali.

Kodi nayo ni ya nani

Vyumba vinne kwa shilingi 4,000 ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni shilingi 576,000. Fedha hizi si zawadi ya shemeji kwa mjane, wala si ujira wa anayezikusanya. Ni zao la mali ya warithi, na kila mmoja ana haki ndani yake kwa kadiri ya fungu lake, baada ya kutoa kodi ya kiwanja na matengenezo. Kabla ya matumizi hayo, thumni ya mjane ni shilingi 72,000, na haki ya watoto ni shilingi 408,000. Alipotuhesabia matumizi aliyokuwa akiletewa mwezi kwa mwezi, tuliona hayakukaribia kiasi hicho.

Hatusemi kwamba mkusanyaji aliiba. Huenda alilipia paa, huenda alimuuguza bibi, huenda alisahau. Lakini hakuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaongeza kwamba pamoja na mali hupotea udugu. Leo hata akitaka kujitetea hana cha kuonyesha, na mjane hata akitaka kumwamini hana cha kuamini. Na mali ya yatima, ndugu zetu, ni moto kwa anayeila kwa dhulma. Onyo lake katika Qur'ani ni kali mno. Anayeishika na aishike kwa daftari, ili kesho asimame salama mbele ya mayatima hao watakapokua, na mbele ya Mola wao.

Sheria ya nchi inasemaje

Wako wanaodhani kwamba mirathi ya Kiislamu ni shauri la wazee na sheikh wa mtaa, na kwamba mahakama ni ya wagomvi. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imeziweka Mahakama za Kadhi na kuzipa uwezo juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya sheria za Kenya, nayo inasema wazi kwamba mali ya aliyefariki akiwa Mwislamu hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu. Hata kesi ikienda Mahakama Kuu, kanuni ya kugawa mali hiyo inabaki kuwa ile ile ya Kiislamu.

Kwa nini basi kwenda mahakamani ikiwa familia inapatana? Kwa sababu makubaliano ya ukumbini hayafungui mlango wa benki, wala hayabadilishi jina katika hati ya ardhi. Benki, chama cha akiba na ofisi ya ardhi hutaka barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Ndiyo maana zile shilingi 600,000 za marehemu wetu zimelala miaka mitatu huku watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa karo. Na fedha zinazolala miaka mingi bila mwenyewe kuonekana hazibaki benki milele. Chini ya sheria ya mwaka 2011 huhamishiwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali za fedha zisizodaiwa. Warithi wanaweza kuzidai huko, lakini safari huwa ndefu zaidi.

Lipo pia jambo ambalo watu hulifanya bila kujua kwamba ni kosa. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinamkataza yeyote kuitwaa, kuiuza au kuitumia mali ya marehemu bila kibali cha sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kijana anayejua nambari ya siri ya M-Pesa ya babake na kutoa fedha usiku wa msiba, ami anayeuza pikipiki ya marehemu kabla ya siku ya arubaini, na ndugu anayempangisha mtu chumba na kutia kodi mfukoni, wote wako karibu na kifungu hiki, hata kama walikusudia wema. Anayelazimika kutoa fedha za maziko na azitoe kwake mwenyewe, aandike, kisha arudishiwe kutoka katika mali. Gharama hizo ndizo za kwanza kulipwa.

Kinachohitajika mahakamani

Mambo si magumu kama yanavyosemwa. Kwanza ni cheti cha kifo. Aliyefariki nyumbani aripotiwe kwa naibu wa chifu mapema. Kibali cha kuzika si cheti cha kifo, na familia nyingi hukitunza kibali zikidhani zimemaliza. Pili ni barua ya chifu inayotaja warithi wote. Isomeni kabla haijapelekwa popote, jina kwa jina. Binti aliyeolewa Lamu, mtoto wa mke wa kwanza, mke wa pili anayekaa Kwale, mama mzazi aliye kitandani: wote ni warithi, na kumficha mmoja ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Tatu ni vitambulisho vya warithi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nne ni cheti cha ndoa. Tano ni ushahidi wa mali na madeni.

Mama yetu alikuwa na upungufu katika la nne. Ndoa yake ilifungwa msikitini kijijini, mbele ya walii na mashahidi, lakini cheti hakikuchukuliwa. Ndoa ya namna hiyo ni ndoa, na yaweza kuthibitishwa mbele ya Kadhi kwa ushahidi wa waliohudhuria na kisha kuandikishwa. Lakini mashahidi nao hufa. Katika ndoa yake, mmoja wa wawili amebaki. Nyinyi ambao waume zenu wako hai, na vyeti hamna, nendeni pamoja mkaandikishe ndoa zenu juma hili. Jambo la asubuhi moja leo lisije likawa kesi ya miaka miwili kesho.

Kuhusu nyumba, uliza kwanza umiliki wake. Katika mitaa mingi ya Mombasa mtu humiliki nyumba, na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, naye hulipia kodi ya kiwanja. Ikiwa ni hivyo, kinachorithiwa ni nyumba bila ardhi, na bei yake hukadiriwa kwa hali hiyo. Stakabadhi za kodi ya kiwanja ni ushahidi mkubwa. Msizitupe. Ikiwa hati ya ardhi ingali kwa jina la babu aliyefariki zamani, basi mirathi ya babu ndiyo itakayotangulia kabla ya kufikia ya mume. Kulijua hilo mapema ni bora kuliko kuligundua mnunuzi akiwa amekaa sebuleni.

Tena hakuna kinachomzuia mjane kuwa msimamizi wa mirathi. Usimamizi ni amana, si umiliki, na mwanamke aweza kuibeba. Pale penye watoto wadogo, mahakama huelekea kutaka wasimamizi wawili ili mmoja awe jicho la mwenzake. Mjane na shemeji, au mjane na mwanawe mkubwa, wanaweza kusimama pamoja. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Kituo Cha Sheria na chama cha mawakili wanawake cha FIDA Kenya wana ofisi Mombasa, na kazi yao ni kuwasaidia wasio na uwezo.

Aibu isiyo ya haki

Tunarudi kwenye kikao kile cha baada ya hitima, kwani pale ndipo mambo yalipopinda. Lililoiumiza familia hii ni haya, na wala si uchoyo. Wazee waliona haya kutaja mali. Mjane aliona haya kutaja mahari yake. Mabinti waliona haya kuuliza fungu lao, wasije wakaambiwa wameolewa na bado wanatamani vya nyumbani. Haya ni katika imani, nasi hatuidharau. Lakini haya inayomnyima mwenye haki haki yake haimo katika ile tuliyofundishwa.

Tunawanasihi hasa mabinti na dada zetu juu ya karatasi. Mara nyingi, msiba ukiwa mbichi, huletewa hati waitie sahihi, na kuambiwa ni ya kurahisisha mambo. Baadhi ya hati hizo ni za kujitoa katika urithi. Sharia inamruhusu mrithi kusamehe fungu lake au kupatana na wenzake kwa kitu kingine, lakini aridhie kwa kujua: ajue mali ni kiasi gani, fungu lake ni lipi, na anaacha nini. Sahihi iliyotiwa kwa machozi au kwa hofu ya kutengwa na kaka zake si ridhaa ya moyo. Usitie sahihi usichokisoma. Usiyejua kusoma, msomewe na mtu asiyerithi. Na umwombe anayekuletea akusubiri siku tatu. Mwenye nia njema atasubiri.

Nanyi kaka zetu, dada yenu anapouliza hesabu, msimwone adui. Anauliza alichogaiwa na Mwenyezi Mungu, na nyinyi hamkugawa. Nyumba ambayo binti hawezi kuuliza ndiyo ambayo watoto wake watakuja kuuliza, na wao hawatauliza kwa upole wa mama yao.

Kwa walio hai

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, nayo yaamrisha kuandika. Mtume, rehema na amani zimfikie, alihimiza kwamba aliye na jambo la kuusia asilale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Basi tunawaomba waume na wake, kila nyumba, muwe na daftari moja. Andikeni humo tunachomiliki na mahali hati zilipo. Andikeni tunachodaiwa na tunachowadai watu, kwa tarehe na kiasi. Andikeni mahari yaliyolipwa na yaliyobaki. Bora zaidi, lipeni yaliyobaki, kwani dawa ya deni ni kulipa. Andikeni akaunti na vyama mlivyomo, na jina la mtu mliyemwandikisha kupokea. Na huyo aliyeandikwa jina aulize wanachuoni kabla ya kudhani kwamba zote ni zake peke yake, maana huenda mbele ya sharia yeye ni mpokeaji tu kwa niaba ya warithi. Daftari liwe na mashahidi wawili, na mtu wa tatu ajue lilipo.

Msiseme hatuna mali. Mama yetu naye alidhani mumewe hakuwa na kitu. Katika mkoba ule wa kitambaa kumbe mlikuwa na shilingi milioni tatu na nusu, na hakuna hata karatasi moja iliyosema hivyo.

Mlango wake haujafungwa. Ile akiba iliyolala bado ipo. Barua ya usimamizi ikipatikana na madeni yakalipwa, zitabaki shilingi 460,000, na haki ya bibi katika mali ile, shilingi 560,000, inaweza kulipwa kwa warithi wake kutokana na akiba hiyo na kodi, kisha nyumba ibaki ya mjane na wanawe. Tulimwandikia hesabu hiyo katika ukurasa mmoja, tukamshauri amwite shemeji yake kabla ya kumwita wakili. Alimwita. Shemeji aliusoma ukurasa ule mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza lini wanakwenda kwa Kadhi. Jumatatu ile walikwenda pamoja, na yule shahidi mmoja wa ndoa aliyebaki wakamchukua nao kwa gari.

Juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutazungumza juu ya hiba: mzazi anayempa mwanawe mmoja nyumba angali hai, na yanayowapata wengine baadaye. Tunamwomba Mola awarehemu waliotutangulia, awalinde mayatima wetu, na atujaalie tuache nyuma yetu madaftari yaliyo wazi na nyoyo zilizoungana. Wabillahi tawfiq.